Safu ya Lugha: Tamthilia
Walimu wa Kiitaliano wanapowafunza wanafunzi wao lugha na ada za watu kwa michezo ya kale ya jukwaani ya Italia, yaani commedia dell'arte, wako waandishi wetu waiitao «tamthilia», nami siridhiki. Kwani tamthilia, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, kwa mazoea yetu vitabuni ni mchezo uliokwisha kuandikwa, ilhali waigizaji wa commedia, ambao mkataba wao mmoja wa kale ulitiwa saini Padova mwaka 1545, walishika muhtasari wa kisa tu, maneno wakiyabuni papo hapo jukwaani. Tena katika michezo hiyo mhusika Pantalone husema Kivenezia, na mhusika Dottore lahaja ya Bologna, hata mwanafunzi akaupata mji pamoja na lafudhi yake, tunu ambayo kitabu cha sarufi hakimpi. Basi tuseme «maigizo», na tamthilia tumwachie mtunzi wa Kiitaliano Goldoni, aliyewaandikia waigizaji maneno yao.