Tippu Tip Ajibu kwa Kalamu

Februari 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, aliahidiana na Stanley huko Unguja kumpatia wapagazi 600 wa safari ya kumwokoa Emin Pasha. Wapagazi walichelewa, tena walikuja pungufu. Stanley akamwita mvunja ahadi. Mwaka 1889 akafungua daawa, akidai pauni 10,000. Tippu Tip akatoka Stanley Falls, sasa Kisangani, akarejea pwani. Daawa ikaondolewa pasipo hukumu. Lakini jina lilikwisha chafuka Ulaya. Basi mzee akaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu: Stanley, asema, ndiye asiyeleta baruti aliyoahidi. (Ya mateka wake mwenyewe ayapita upesi.) Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha kuanzia 1902, mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1905.