Wazazi na Mshahara wa Mwalimu katika Ukanda wa Shaba

Mkoa ulioitwa Shaba hadi mwaka 1997 uliishi kwa madini. Yalipodidimia, mwalimu naye alididimia. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Uzalishaji wa Gécamines, uliozidi tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Wakati huo huo mfumko wa bei ulimeza mishahara ya serikali, na migomo ikafunga shule nchini kote.

Ndipo wazazi na Kanisa Katoliki walipokubaliana kwamba mzazi achangie malipo ya mwalimu. Huko Mutshatsha, kwenye reli iendayo Dilolo, kama kwingineko, shule ziliendelea kwa mchango huo. Lakini msaada uligeuka desturi: serikali ilizoea kutolipa, na mtoto wa maskini akafukuzwa darasani.

Elimu ya msingi bila malipo, iliyotajwa katika Katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Walimu wengi wasiokuwamo katika orodha ya mishahara walipoteza mchango pasipo kupata mshahara. Hivyo basi, shukrani ya wazazi iliiokoa shule. Haki ya mwalimu ilibaki deni la dola.