Segway mjini Prague: kwa nini ziliondolewa katikati ya mji?

Segway ni chombo cha umeme chenye magurudumu mawili, moja kulia na jingine kushoto. Kilizinduliwa Desemba 2001 na mvumbuzi Mmarekani, Dean Kamen. Mwendeshaji husimama katikati: akiegemea mbele chombo kinakwenda, akirudi nyuma kinapunguza mwendo. Vihisi na jairoskopu ndivyo vinavyokisaidia kisipinduke. Kinaweza kufikia takribani kilomita 20 kwa saa.

Makampuni ya utalii yalikipenda. Mgeni hupewa mazoezi mafupi na kofia ngumu, kisha humfuata mwongoza watalii na kuona mengi bila kuchoka miguu. Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Czech, ulipata wageni wengi wa aina hiyo. Sehemu yake ya kale imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1992.

Tatizo likawa njia. Mitaa ile ni myembamba, na wenye miguu walijikuta wakipishana na misafara ya Segway. Wakazi walilalamika, wenye biashara nao walihofia riziki zao. Mwaka 2016 mji ulizipiga marufuku katika eneo hilo.

Utengenezaji wa Segway ya awali ulikoma 2020, lakini ziara bado zipo katika miji kadhaa. Kabla hujalipa, uliza mambo matatu: zinaruhusiwa mitaa gani, bima inamlinda nani, na mazoezi ni ya muda gani.