Mkunga na Hazina ya Umma

Kazi ya ukunga ni ya kale kuliko miji, sarafu na serikali. Kabla mwanadamu hajajua kujenga hospitali, alikwisha kujua kwamba mwanamke aliyeshikwa na uchungu hapaswi kuachwa peke yake. Lakini kazi hii ya kale iligeuka kuwa elimu, na elimu ina gharama. Nani alipe gharama hiyo? Swali hili huonekana kuwa la makarani na wahasibu, kumbe ni swali la uhai na mauti. Tulitazame jinsi lilivyojibiwa, kwa nyakati mbalimbali, Nakuru na katika sehemu ya kati ya Bonde la Ufa.

Kwanza yafaa tujue mkunga mwenye elimu hufanya nini. Mzazi anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa kwa muda wa saa mbili. Katika saa hizo mbili, mkunga aliyefundishwa humpa dawa ya kukaza mji wa mimba, humkanda tumbo, humwekea maji mshipani, na ikiwa damu haikomi humpeleka kwa daktari kabla ya kuchelewa. Yeye ndiye apimaye nguvu ya msukumo wa damu na kugundua dalili za kifafa cha mimba kabla hakijamwangusha mgonjwa. Yeye ndiye amsaidiaye mtoto aliyezaliwa bila kulia avute pumzi yake ya kwanza. Mambo haya hayajifunzwi kwa siku moja. Huko Kenya mafunzo ya stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka mitatu au zaidi, na katika miaka hiyo yote mwanafunzi hula, hulala, husoma na kufundishwa kwa fedha ya mtu fulani.

Nchi moja ya Ulaya iliamua mapema kwamba mtu huyo ni umma. Mwaka 1751 wasimamizi wa afya wa Sweden waliliarifu bunge lao kwamba katika wazazi 651 waliokufa, 400 au zaidi wangaliokolewa kama nchi ingalikuwa na wakunga wa kutosha. Sweden ya siku hizo ilikuwa nchi ya wakulima maskini, haina barabara nzuri wala madaktari wengi. Hata hivyo iliweka mpango wa kuwafundisha wanawake wa vijijini na kuwarudisha vijijini mwao kufanya kazi. Kufikia mwaka 1900 vifo vya wazazi vilikuwa vimepungua kutoka karibu 900 hadi karibu 230 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, kabla ya dawa nyingi tuzijuazo leo kuvumbuliwa.

Wakati Sweden ilipokuwa ikivuna matunda hayo, Nakuru ilikuwa ndiyo kwanza yazaliwa. Mji ulikua kando ya reli iliyofika hapo mwaka 1900, na ardhi yenye rutuba iliyouzunguka ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Njoro kulilimwa ngano, Molo pareto. Waliofanya kazi mashambani humo walikuwa Waafrika walioitwa maskwota, watu walioruhusiwa kukaa na kulima vipande vidogo kwa sharti la kumtumikia mwenye shamba. Walowezi walijijengea hospitali yao mjini, iliyoitwa War Memorial kwa kuwakumbuka wenzao waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mke wa skwota alijifungua kambini, akisaidiwa na mama mzee aliyejifunza kwa macho na mikono yake. Bibi huyo alistahili heshima, kwani alifika usiku na mvuani alipoitwa. Lakini hakuwa na dawa ya kuzuia damu, wala gari la kumpeleka mgonjwa mjini. Mfanyakazi alilipa kodi. Kodi yake haikumrudia mkewe siku ya uchungu.

Hata mahali ambapo wanawake wa Kiafrika walipata huduma, mara nyingi ilianza kama sadaka. Katika miaka ya 1920 Lady Grigg, mkewe Gavana Edward Grigg, aliongoza chama cha hisani kilichokusanya fedha kwa ajili ya akina mama na watoto, na humo ndimo ilimotoka hospitali ya wazazi ya Pumwani, Nairobi. Wema huo ulikuwa wa kweli. Walakini sadaka hutegemea moyo wa mtoaji, nayo haina deni kwa mtu. Mwanamke wa Pumwani aliweza kushukuru, hakuweza kudai.

Uhuru wa mwaka 1963 ulikuja na fikira nyingine. Mwaka 1965 serikali ilifuta malipo ya wagonjwa wa nje katika hospitali na zahanati zake. Vijana walifundishwa uuguzi na ukunga kwa gharama ya serikali, na kwa miaka mingi aliyehitimu alikuwa na hakika ya kuajiriwa. Nakuru ikawa na hospitali kuu ya mkoa wote wa Bonde la Ufa, pamoja na tawi la Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, chuo kilichoanza Nairobi mwaka 1927. Mtoto wa skwota sasa aliweza kuvaa sare ya muuguzi na kupokea watoto katika mji ambamo mamaye hakupokewa.

Fikira hiyo ilidhoofika hazina ilipodhoofika. Mnamo Februari 1987 wajumbe wa mataifa walikutana Nairobi wakatoa mwito wa kuwaokoa wazazi ulimwenguni. Haikupita miaka mitatu, na Desemba 1989 Kenya ikaanza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama. Katika miaka ya 1990 ajira za serikali zilizuiliwa. Hapo ndipo lilipozuka jambo la ajabu: wodi za wazazi hazina wauguzi wa kutosha, na wauguzi waliofundishwa wamekaa nyumbani bila kazi. Mwaka 2009 serikali ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa mpango wa kuajiri wauguzi 20 katika kila jimbo la uchaguzi.

Tarehe 1 Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma kutakuwa bure. Wanawake waliokuwa wakiogopa ada walikuja kwa wingi. Takwimu za taifa zasema wazi: mwaka 2008/09, katika watoto 100 waliozaliwa, 44 tu walipokewa na mtu mwenye ujuzi, mwaka 2014 walikuwa 62, na mwaka 2022 walikuwa 89. Hii ni sifa isiyokanika. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa wazazi 355 walikuwa wakifa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Mlango ulifunguliwa kwa siku moja kwa tamko. Mkunga hapatikani kwa tamko. Mwaka huo huo wa sensa Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu 2,162,202, nayo hospitali yake kuu hupokea wagonjwa hata kutoka kaunti jirani. Jengo la akina mama lililopewa jina la Margaret Kenyatta liliongeza vitanda. Lakini kitanda hakimpokei mtoto.

Mwaka 2017 wauguzi wa umma waligoma kwa muda wa miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba, wakidai mapatano ya mishahara yao yatimizwe. Mwaka 2021 Kenya ilitia sahihi mapatano na Uingereza ya kuwapeleka huko wauguzi wasiokuwa na kazi. Wapo wasemao basi, kwa nini kodi yetu imsomeshe mtu atakayewahudumia wengine? Swali ni la haki, lakini limeelekezwa kusikostahili. Anayesafiri hakuikimbia kazi. Nchi ilimfundisha ikakosa kumpa kazi. Mkulima apandaye mbegu kisha akaacha kupalilia hana haki ya kuilaumu mbegu.

Tangu maskwota hata leo, historia hii yatufundisha kwamba gharama ya mkunga ni moja, ingawa hulipwa mara tatu: shuleni, apate elimu, kazini, apate mshahara, na wodini, apate dawa na vifaa. Nchi ilipaye mara moja na kuziacha mbili hupoteza hata ile iliyolipa. Mikopo ya masomo ni msaada mwema kwa binti wa Kuresoi au Subukia atakaye kuwa mkunga, lakini haimfai ikiwa mwisho wake ni deni bila ajira.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Uchungu huo hakuna awezaye kumpokea mzazi. Gharama ya mkono umsaidiao twaweza kuibeba wote, kila mtu kwa kodi yake. Na taifa likubalipo kuibeba hadi mwisho, mwanamke maskini wa shambani huingia wodini kama mwenye haki, siyo kama mwombaji.