Kashata za Kwale na Sukari ya Ramisi
Katika nchi ya Wadigo, kutoka Diani na Msambweni hata Vanga, ambako minazi imekuwa mali ya watu tangu zama za mababu, kashata haikutaka zaidi ya nazi iliyokunwa, iliki na sukari. Na sukari yenyewe, tangu kiwanda cha Ramisi kilipoasisiwa mwaka 1927, ilipatikana kwa miwa ya papo hapo, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1988 na riziki za watu wengi zikakatika. Elimu yote ya kupika kashata, ambayo naona yastahili kuingizwa katika tarehe ya Kwale pamoja na habari za viwanda, imo katika moto: sukari huyeyushwa kwa maji kidogo, ikatiwa iliki, ikakorogwa pasi na kusita mpaka ivute nyuzi mwikoni, kisha hutiwa nazi, ikamiminwa siniani na kukatwa ingali moto, kwani ikishapoa huvunjika ovyo. Siku hizi kuna chungu cha umeme kiyeyushacho chokoleti kwa joto la taratibu, nacho ni chombo chema, maana chokoleti huungua upesi; bali kashata hutaka moto mkali zaidi, na mpishi ajuaye wakati wa kuiepua.