Wazae wa Rock: Tiketi Yao Bado Inastahili Ganji Yako?

Ziara za hawa wazae hazifikangi Nairobi, kwa hivyo hii ni yako kama uko majuu ama unasevu ukawaone huko. Umeona tiketi ya Rolling Stones, bei inakaa rent. Swali ni, huyu buda bado anaweza ama unalipia jina tu?

Kwanza, wacha kuhesabu miaka. Mick Jagger alizaliwa 1943. Ziara ya Stones ya 2024 huko Marekani na Canada aliipiga akiwa na miaka 80, akikimbia jukwaani kama msee wa form four, na alikuwa amefanyiwa upasuaji wa vali ya moyo 2019. Steven Tyler wa Aerosmith ni mdogo wake kwa karibu miaka mitano. Aliumia koo Septemba 2023, ziara yao ya kuaga ikiwa imeanza tu, na Agosti 2024 bendi ikatangaza imeacha kuzunguka kabisa.

Chenye huisha haraka ni sauti, hasa zile noti za juu. Ndio maana bendi nyingi hushusha wimbo kidogo, unausikia mzito kuliko vile uliukariri. Hapo hujachezwa. Kuchezwa ni pale rekodi inaimba na yeye anafungua mdomo tu. Paul McCartney alipiga Glastonbury 2022 wiki moja baada ya kufikisha 80, zaidi ya saa mbili na nusu. Sauti ilikuwa imekonda, ndio, lakini ilikuwa yake. Mimi naichukua hiyo kuliko rekodi safi.

Angalia pia nani hasa anapanda jukwaani. Lynyrd Skynyrd bado wanazunguka, lakini Gary Rossington, mwanzilishi wa mwisho aliyebaki, alifariki Machi 2023. Muziki ni ule ule, watu ni wengine. Na Bob Dylan, maze, huyo ni kesi yake peke yake: hubadilisha nyimbo zake za kitambo hadi unafika katikati ndio unashtuka ni gani. Kama unaenda kuimba pamoja naye, utasota bure.

Halafu kuna Ozzy Osbourne. Tarehe 5 Julai 2025, uwanja wa Villa Park, Birmingham, mtaa wa Aston wenye alilelewa. Parkinson ilikuwa imemmaliza miguu, so aliimba akiwa ameketi kwa kiti cheusi cha enzi. Black Sabbath wanne wa mwanzo walikuwa pamoja jukwaani mara ya kwanza tangu 2005. Ukipima sauti peke yake, Ozzy alikuwa na usiku mingi mikali kuliko huo. Siku 17 baadaye akafariki. Sidhani kuna mtu alikuwa pale anataka kurudishiwa doo.

Kabla ulipe, ingia YouTube utafute klipu za mwezi huu zenye zimechukuliwa na simu kutoka kwa umati, si zile bendi imepost. Ruka wimbo wa kwanza, kila mtu huwa fresh hapo. Skiza wa kumi na tano. Ukiridhika, chukua kiti cha bei ya chini, hata huko nyuma skrini huwa kubwa.