Rana Plaza: Ukaguzi Ambao Haukutazama Nguzo

Asubuhi ya tarehe 24 Aprili mwaka 2013, jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza liliporomoka huko Savar, karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Watu zaidi ya 1,100 walikufa na wengine wapatao 2,500 walijeruhiwa, wengi wao wakiwa washonaji wa nguo za kuuzwa ng'ambo.

Msikilizaji, msiba huo ulibisha hodi hata Brampton, jirani na Toronto, yaliko makao makuu ya Loblaw, kampuni kubwa ya maduka nchini Kanada. Baadhi ya nguo zake za Joe Fresh zilishonwa ndani ya jengo hilo, katika kiwanda cha New Wave.

Loblaw haikuwa na mkataba na kiwanda hicho. Ilinunua kutoka Pearl Global, kampuni ya India, nayo ikaipa New Wave sehemu ya kazi. Hata hivyo, kiwanda kilichunguzwa. Mwaka 2011 na 2012, Bureau Veritas, kampuni ya Ufaransa, ilikikagua kwa niaba ya Loblaw. Ukaguzi huo ulihusu hali ya wafanyakazi. Uimara wa jengo haukuwamo. Baada ya maafa, Loblaw ilieleza kwamba ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa biashara hiyo duniani kote.

Lakini hatari ilikuwa katika jengo lenyewe. Ghorofa za juu ziliongezwa kinyume cha sheria, na jenereta nzito zikapandishwa huko. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Savar ufa ulionekana siku moja kabla: benki iliyokuwamo ilifungwa, bali washonaji waliamriwa kurudi kazini.

Mwezi Mei mwaka huo, Loblaw ilijiunga na makubaliano ya kukagua usalama wa moto na majengo ya viwanda vya Bangladesh. Baadaye ililipa fidia.

Waathiriwa walifungua kesi Ontario, wakidai dola bilioni 2 za Kanada. Mahakama ziliitupa mwaka 2017 na 2018, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa kuisikiliza rufaa yao. Majaji waliona kwamba sheria inayohusika ni ya Bangladesh, na kwamba Loblaw haikuwa na wajibu wa kisheria kwa wafanyakazi wa kiwanda isichokimiliki.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, sheria ya Kanada inayataka makampuni makubwa kutoa taarifa kila mwaka kuhusu kazi za kulazimishwa na ajira ya watoto miongoni mwa wanaowauzia bidhaa. Ni hatua, ila sheria hiyo nayo haiulizi habari za nguzo.

Kwa yeyote anayemchunguza mshirika wa kigeni, awe Brampton, Mombasa au Dar es Salaam, funzo la Savar ni hili: cheti cha ukaguzi hujibu lile tu lililoulizwa. Kabla ya kukiamini, yafaa kujua ni nini hakikuulizwa.